Josho la Mama Tulia

Kwa miaka kumi na mitano nimeficha jambo moja linalomhusu mstaafu wetu, nami naomba nianze nalo. Kirusi kilichoingia katika mtandao wa Kituo cha Mbegu na Miche Ikibo, Jumatatu ya tarehe 12 Julai 2010, hakikupita kwa uzembe wa Bi. Atuganile Mwakibete. Nilikiingiza mimi, Jotham Mwalupindi, niliyekuwa Msajili wa Mbegu. Yeye alipewa barua ya onyo, mimi nikaongezewa mkataba. Barua hiyo bado imo katika faili lake, na kanuni za Kituo zinasema mtumishi mwenye barua ya onyo hapewi Ngao ya Utumishi. Ninaandika ili itolewe kabla ya sherehe ya Ijumaa, tarehe 27 Juni. Nikiisha kusema hilo, naomba niifanye kazi niliyopewa na Jarida la Watumishi, na kazi hiyo ni ya furaha.

Bi. Atuganile, ambaye wengi wenu mnamwita Mama Tulia, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya kukitumikia Kituo kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa Aprili 1991 akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Aliingia kama mpiga chapa na anatoka kama Fundi Mkuu wa Mtandao. Hakuna mtumishi mwingine aliyewahi kusafiri umbali huo ndani ya korido moja.

Miaka mitatu ya mwanzo alinipigia chapa mimi. Kila asubuhi aliingia ofisini kwangu na barua zilizokamilika, na kama nilikosea jina la kisayansi la kiazi, alilirekebisha bila kuniambia. Niligundua tabia hiyo siku nilipojaribu kulikosea kwa makusudi. Mwaka 1994 akaolewa na mwanangu, Asajile. Siku ng'ombe wa mahari walipofika kwao Mpuguso, nilipata mkwe mwema nikapoteza mpiga chapa.

Hapo vijana, na wenzetu mliotoka mikoa mingine, mnahitaji maelezo. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni, na mke wa mwana hatamki jina la mkwewe. Mwaka 1994 familia nyingi, hasa za Kikristo, zilikuwa zimeulegeza mwiko huo au zimeuacha kabisa. Nyumba yangu haikuuacha, kwa sababu mimi sikutaka uachwe. Kwa hiyo kazini tulipanga utaratibu. Chumba chake kilikuwa mwanzo wa korido na changu mwisho. Nikitaka kupita nilikohoa mara mbili, naye alifunga mlango. Watumishi wapya walidhani nina kifua kibovu. Mmoja aliniletea tangawizi.

Kompyuta ya kwanza ilifika Ikibo mwaka 1996, ikakaa ndani ya sanduku lake kwa wiki tano kwa kuwa kila mtu alimsubiri mwenzake aifungue. Mama Tulia, aliyekuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi, alisoma kitabu chake cha maelekezo akimnyonyesha binti yake, kisha akaiwasha. Tulisherehekea. Akina mama wa masijala, kwa mapenzi mema, wakaifumia kitambaa cheupe chenye maua, kama wanavyoivalisha redio ya sebuleni. Kilipendeza sana. Kiliziba pia matundu yote ya hewa, na kufikia mwezi wa tatu kompyuta ilikuwa inajizima kila saa nne asubuhi. Fundi aliyetoka Mbeya alisema umeme wetu ni mbaya. Mama Tulia aliweka kiganja nyuma ya mashine, akakivua kitambaa, na ikafanya kazi miaka saba. Masijala hawakumsemesha wiki nzima. Alikitunza kitambaa kile, akakirudisha mezani chini ya vikombe vya chai.

Kuanzia hapo alijifunza kila kitu kwa mikono. Alivuta kebo darini peke yake kwa sababu mafundi wanaume walikuwa wanene kuliko mlango wa dari. Mwaka 2001 ofisi zote kumi na moja zilikuwa zimeunganishwa, na kila mashine mtandaoni ilibeba jina la mtumiaji wake. Ndipo mimi na mkwe wangu tulipoweza kuzungumza tena, kwa baruapepe, baada ya miaka saba ya kutumiana ujumbe kupitia wahudumu. Ninazo baadhi ya barua hizo. Nilimwandikia kwamba printa haichapi. Akajibu: "Shikamoo baba. Printa haina karatasi." Nikaandika: "Marahaba. Karatasi nimeweka. Bado." Akajibu: "Baba, umeziweka kwenye trei ya kutolea. Weka ya chini." Nikamuuliza amejuaje naye yuko mwisho mwingine wa korido. "Printa imeniambia, baba."

Mwaka uliofuata alianza kuiingia mashine yangu akiwa chumbani kwake. Mara ya kwanza nilipoona kiashiria kinatembea chenyewe kwenye kioo, nilisimama nikaenda kuegemea ukuta hadi kilipotulia. Wataalamu waliotutembelea walimpongeza kwa kuwa na utaratibu wa kuhudumia mashine kutoka mbali wakati vituo vikubwa kuliko chetu havikuwa nao. Walimuuliza ni nani aliyemshauri. Alisema ni mahitaji ya kazi. Mahitaji yenyewe yalikuwa mimi. Hangeweza kuvuka kizingiti changu, basi akajifunza kuvuka kwa waya.

Mnaofanya kazi Kyimo mnalijua dirisha lake, ingawa pengine hamjui lilikotoka. Mwaka 2005 tulifunga redio za mawimbi ili kituo kidogo cha Kyimo kipate mtandao kutoka kwetu. Redio hizo zinataka zionane, na kati yake ulisimama mkaratusi mkubwa katika shamba la Bibi Esnath, mjane aliyejulikana kwa ulimi wake. Mkurugenzi alituma watu wawili wakaombe ukatwe. Bibi aliwarudisha na sentensi moja: "Mti huu aliupanda marehemu. Huo mtandao wenu aliupanda nani?" Mama Tulia akaenda mwenyewe. Hakuutaja mti. Alimsaidia kuchambua maharage, akarudi wiki ya pili akachambua tena. Wiki ya tatu Bibi Esnath alimwambia: "Sasa wewe mtoto, maharage yamekwisha. Sema ulichofuata." Walielewana kwamba shina na kilele vibaki, yakatwe matawi ya katikati tu, upana wa mlango. Mpaka leo, ukisimama barabarani Kyimo, unaona mkaratusi wenye tundu, na ndani ya tundu hilo ndimo zinamopita kazi zenu zote. Kila Januari Mama Tulia hupanda bodaboda kwenda kulipogoa. Faiba ilipofika mwaka 2021, alikataa kuzing'oa redio. Alisema njia ya pili haidharauliwi kwa sababu ya kwanza imenenepa. Miezi minne baadaye greda la barabara likaikata faiba, na Kyimo hawakujua hata kama imekatika.

Radi nayo ilimpa shule yake. Anayeishi chini ya Mlima Rungwe hahitaji kuelezwa. Mwaka 2003 radi moja iliunguza swichi nne na modemu, na Mama Tulia akachimbia fimbo za shaba ardhini ili umeme wa angani upate pa kwenda. Zikaibwa. Akachimbia nyingine, zikaibwa nazo. Za tatu alizichimbia katikati ya jalala la mbolea ya mboji, mahali ambapo mwizi angelazimika kufukua maganda ya viazi ya msimu mzima. Ziko huko mpaka leo. Huwaambia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwamba usalama wa mtandao wa Ikibo unaanzia jalalani, nao huandika kwenye madaftari yao wakidhani ni msemo.

Sasa nifike kwenye josho.

Mwaka 2008 flashi zilikuwa zimejaa kila mfuko, na virusi vilisafiri nazo. Mama Tulia alijua kwamba hotuba haitasaidia. Alijua pia kwamba anafanya kazi na watu wa mbegu, watu wasioingia shamba safi kabla ya kukanyaga dawa mlangoni, kwa hofu ya kubeba mnyauko kwenye viatu. Akachukua kompyuta ya zamani, akaikata kabisa na mtandao, akaiweka ndani ya mlango wa chumba chake na kuandika juu yake JOSHO. Hakuna flashi iliyoruhusiwa kuingia mashine nyingine kabla ya kuoshwa hapo, kama ng'ombe wanavyoogeshwa kabla ya kuchanganywa na kundi. Sheria ilishika siku ileile. Ilikuwa kawaida kusikia mtu akimwita mwenzake kwenye korido, "Umepita joshoni, au unatuletea kupe?" Hata Mkurugenzi alipanga foleni.

Mimi flashi yangu ilipelekwa na Jairo, mhudumu wa ofisi. Kama Jairo hayupo, utaratibu ulikuwa mwepesi. Nikohoe mara mbili, Mama Tulia atoke kwa mlango wa nyuma, nioshe flashi yangu na kuondoka.

Jumatatu ile Jairo alikuwa Kyimo. Nilikuwa na taarifa yangu ya utendaji, niliyoichapa nyumbani na kuipitisha kwenye kompyuta ya mtu mjini Tukuyu. Mkataba wangu ulikuwa unamalizika Agosti, na kikao cha kuujadili kilikuwa saa tano. Nilisimama mlangoni kwangu nikautazama ule mwendo wa korido. Nikajiambia kwamba Msajili, mtu mzima wa miaka sitini na mitano, hawezi kukohoa ili aruhusiwe kuosha flashi. Nikaichomeka. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Dakika hizo sizikumbuki mimi. Alizirekodi yeye.

Kufikia saa sita mafaili ya majaribio ya mbegu yalikuwa yanafunguka matupu. Miaka kumi na mmoja ya vipimo vya mvua, ya mavuno kila tuta, ya viazi vya Isongole na miche ya chai. Mama Tulia alitoka chumbani mbio akachomoa kebo kuu kwa mkono, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho alipita mbele ya mlango wangu uliokuwa wazi. Hakugeuza uso. Lakini kufikia wakati huo hata seva ilikuwa imeliwa, pamoja na diski ya akiba iliyokuwa imeunganishwa nayo.

Kesho yake jioni marehemu mke wangu, Sekela, alinijia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Baba Asajile, mkweo amepita jikoni. Amesema nikupe wewe, mkononi."

"Ni mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi hayaletwi jikoni," akasema Sekela, na akasimama pale mpaka nilipoiweka mfukoni bila kuifungua.

Nilipokuwa peke yangu niliisoma. Ilikuwa orodha ya mashine zilizoambukizwa, kwa mpangilio wa dakika, kutoka ya mwisho hadi ya kwanza. Mbele ya saa 4:14 hapakuwa na jina, kwa kuwa jina la mashine ile lilikuwa jina langu. Palikuwa na namba ya chumba changu tu. Chini yake alikuwa ameandika kwa kalamu: "Baba, nakala nyingine yenye namba hii haipo."

Kamati ya Nidhamu ilikaa Alhamisi, nami nilikuwa mwenyekiti wake. Taarifa iliyofika mezani ilikuwa orodha ileile, ila mstari wa saa 4:14 ulikuwa mtupu kabisa. Mama Tulia aliketi chumba cha nje, mlango ukiwa wazi nusu, na Winfrida, katibu wetu, alibeba maswali na majibu. Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa mgeni wa mkoa wetu. Aliuliza, "Kwa nini anakaa nje? Anatuogopa?" Mzee Godwin wa Mpuguso, Mungu amrehemu, akajibu, "Si sisi wengine." Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alitaka kujua mashine ya kwanza ni ya nani. Winfrida akatoka, akarudi. "Anasema mstari huo ameuacha wazi." Kwa nini? Winfrida akatoka tena, akarudi. "Anasema taarifa yake ndiyo hiyo."

Mzee Godwin alinitazama. Mimi nilitazama dari.

Mkurugenzi alisema fundi asiyejua ugonjwa umeingilia wapi ni mzembe, au anamficha mtu, na yote mawili ni kosa. Nilikuwa na karatasi ile katika mfuko wa koti. Nilisema kamati imesikia. Barua ya onyo niliitunga mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri, nikaitia saini, na Winfrida akampelekea chumba cha nje. Aliipokea, akaomba ruhusa arudi kazini kwa sababu alikuwa ameacha diski mezani ikiwa wazi.

Diski hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, nami sitaki aibu yangu iifunike. Ilikuwa ya seva ya zamani, iliyokufa kwa radi na kutupwa stoo mwaka 2008. Kila mtu alijua imekufa. Mama Tulia alifikiri kwamba pengine imekufa ubongo wa nje tu, ile bodi ndogo ya kijani, na kwamba sahani zilizo ndani bado zinakumbuka. Alihitaji diski pacha, ya aina ileile na toleo lilelile, ili aihamishe bodi yake. Akaenda Tukuyu kwa Kheri, fundi redio ambaye babu yake alitoka Tanga na cherehani moja. Kheri hatupi kitu. Walifukua magunia mawili ya vifaa chakavu, na Kheri alilalamika muda wote. "Mama Tulia, mimi natengeneza redio. Hiki chako kinaimba?" Alimjibu kwamba kikipona kitaimba miaka tisa mfululizo. Gunia la pili, chini kabisa, waliipata. Kheri ndiye aliyeshika chuma cha kulehemia na kuhamisha kijipande kimoja cha kumbukumbu kutoka bodi moja hadi nyingine, na anasema hajawahi kuzuia pumzi muda mrefu vile.

Diski ikaimba. Miaka tisa kati ya kumi na mmoja ilirudi, kila tuta, kila milimita ya mvua. Miaka miwili iliyobaki aliitafuta kwenye madaftari ya mashambani, yenye madoa ya udongo na mvua, na watumishi wakaja Jumamosi nane kuichapa upya, masijala wakipika ndizi na viazi. Mimi pia nilikuja, nikakaa chumba changu, nikachapa kurasa arobaini. Watu walisema Msajili ana moyo. Mbegu ya kiazi ambayo wakulima wa Isongole wanaipanda leo, ile isiyoogopa ukungu, ilichaguliwa kutokana na kumbukumbu hizo. Bila mikono ya mwanamke huyu tungekuwa tunaanza upya.

Hakusimama hapo. Aliugawa mtandao wetu kama shamba linavyogawanywa kwa mifereji, ili mnyauko wa tuta moja usihamie la pili. Maabara peke yake, masijala peke yake, wageni peke yao, na kati yao faiawoli inayouliza kila apitaye anakwenda wapi. Nakala ya akiba haikukaa tena karibu na seva. Kila Ijumaa diski huingia kwenye kopo la biskuti, hufungwa kwa mpira, na hupanda bodaboda kwenda stoo yetu ya Mpuguso. Alipoulizwa kwa nini asiiweke tu kabatini, alisema nakala inayolala chumba kimoja na mama yake si nakala, ni pacha wa kuzikwa pamoja. Maneno hayo yamebandikwa ukutani Mpuguso.

Mwaka 2019 alitupima. Watumishi arobaini na watatu walipata baruapepe ikiwaambia wabonyeze mahali fulani, waandike neno lao la siri, wapewe mfuko wa mbolea. Thelathini na mmoja waliandika. Wawili waliuliza kama wanaweza kupata miwili. Mkurugenzi wa sasa alikuwa wa nne kubonyeza, na mbele ya mkutano wote alisema, "Hata mimi nina shamba." Mwaka uliofuata Mama Tulia alirudia kwa hila ngumu zaidi, wakabonyeza watatu. Na mwaka 2023, wale wezi wanaofunga mafaili ya watu na kudai fidia walipoingia kwenye mashine ya mapokezi Kyimo, walikuta mfereji. Waliishia kwenye mashine hiyo moja. Ilifutwa na kujazwa upya kutoka kopo la biskuti, na kazi ikaendelea kabla chai ya saa nne haijapoa.

Amefundisha vijana kumi na tisa, na mmoja wao, Nelson, ndiye Mkuu wa Kitengo cha Mtandao tangu 2014. Nafasi hiyo Mama Tulia aliiomba. Jopo lilisoma faili lake, likaikuta barua yangu, likampa mwanafunzi wake. Alimkabidhi Nelson funguo, akamwonyesha lilipo jalala lenye shaba, na akafanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja bila kumfanya ajisikie mdogo. Nelson ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya Jarida, akiamini mzee kama mimi atakuwa na hadithi nzuri. Nimemtumia pamoja na karatasi ya saa 4:14, ile yenye namba ya chumba changu na mwandiko wa Mama Tulia. Nimeitunza miaka yote ndani ya kitabu cha nyimbo. Nimemwandikia Mkurugenzi pia barua yenye saini yangu, ili iwekwe mahali pa ile nyingine.

Kwa niaba ya watumishi waliopita na waliopo, nakushukuru, Atuganile. Ndaga fijo. Umeondoa kitambaa, umetoboa mti, umeizika shaba, umetuosha sote. Nenda nyumbani ukapande parachichi zako, umlee mjukuu, na siku simu ikikatika usiinuke kwenye kiti, wapo uliowafundisha. Uzee wako uwe na afya na usingizi wa kutosha, nayo mikono yako ipate kuguswa na udongo zaidi kuliko waya. Ngao nitaomba ukabidhiwe mbele ya watu wote, na nimeomba kiti changu kiwekwe mstari wa mbele, bila kukohoa.

Limebaki jambo moja. Pasaka ya mwaka 2010 wazee wa ukoo walikubali mwiko wetu uishe, na siku ikapangwa, Jumamosi ya tarehe 17 Julai. Mama Tulia angepika, angeniandalia kwa mikono yake, na tungekula meza moja. Siku hiyo ilipofika, Sekela alikuwa amekwishachinja kuku, nami nikasema tusubiri. Nikasema hivyo kila mwaka, hata Sekela aliponiomba akiwa kitandani kwa ugonjwa uliomchukua. Watu wamenisifu kanisani na misibani kama mzee wa mwisho anayejua mila. Sikuwa nikitunza mila. Nilijua kwamba mkwe asiyeruhusiwa kunitazama hawezi kuniuliza, na kwamba angenitazama mara moja tu, kabla hajafungua mdomo, ningesema.